Divisheni moja, milango miwili: Jinsi pointi za chuo kikuu zinavyohesabiwa

Steshenari ile iko hatua chache kutoka stendi ya Msamvu, Morogoro. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, foleni yake huanzia kwenye mashine ya fotokopi na kuishia barazani, kwa muuza vocha. Asubuhi moja kwenye benchi nilikaa na kijana aliyesoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na mama mmoja aliyeshika karatasi ya matokeo ya binti yake. Binti mwenyewe yuko kambini JKT. Mama ndiye aliyetumwa kumwombea chuo.

"Shikamoo mama. Dada kapata ngapi?" kijana aliuliza.

"Marahaba mwanangu. Three ya kumi na tano."

"Hata mimi ni hiyo hiyo."

Kijana na binti walisoma tahasusi moja, wakapata daraja moja na pointi zile zile 15. Dakika chache baadaye mhudumu aliingiza namba ya mtihani ya kijana kwenye mfumo wa maombi wa chuo kimoja cha umma. Zikafunguka kozi kadhaa. Akaingiza ya binti. Haikufunguka hata moja. Mama akaomba irudiwe, ikarudiwa, majibu yakawa yale yale. Alipouliza kwa nini wenye pointi sawa wapewe majibu tofauti, mhudumu alimjibu kwa upole kwamba mfumo ndio unaokataa.

Mfumo haukukosea. Ila mhudumu hakuweza kumweleza mama yule kwa nini haukukosea, na makala haya yanaanzia hapo.

Hesabu mbili zinazopishana

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lina hesabu yake. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Zinajumlishwa za masomo matatu ya tahasusi. Jumla ya 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Kwa hesabu hii, mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inazigeuza herufi hizo hizo. Kwake A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu na F ni sifuri. Hapa mwenye pointi nyingi ndiye mbele. Kisha, kwa kozi nyingi, TCU haiangalii masomo matatu. Inataka prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa kati ya A na E, katika masomo mawili yanayohusika na kozi, na jumla yake isipungue 4.0. Hicho ndicho kima cha chini kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016.

Turudi kwenye karatasi mbili za Msamvu. Kijana alikuwa na C ya Historia, E ya Jiografia na F ya Kiingereza. Kwa NECTA ni 3, 5 na 7, jumla 15. Kwa TCU ni 3 na 1, jumla 4.0. Amepita.

Binti alikuwa na E tatu. Kwa NECTA ni 5 mara tatu, jumla 15. Kwa TCU masomo yake mawili bora ni 1 na 1, jumla 2.0, na E ya tatu haimsaidii kitu. Hakufeli somo lolote, na hajafika.

Ukitazama alama zilizo nyuma ya herufi, jambo linazidi kuwa gumu kumeza. E huanzia 40 hadi 49, D ni 50 hadi 59, C ni 60 hadi 69. Mwanafunzi aliyepata 49 katika kila somo amekusanya alama 147, na chuo kinamkataa. Aliyepata 60, 40 na sifuri amekusanya 100 tu, na anakubaliwa. Alama zenyewe watahiniwa hawaonyeshwi, wanaona herufi peke yake, kwa hiyo hakuna anayejua kama alianguka kwa alama tisa au kwa moja.

> Alama 49 katika masomo yote matatu hazimwingizi mtu chuo kikuu. Alama 60, 40 na sifuri zinamwingiza.

Nilikaa na kalamu nikapitia michanganyiko yote ya herufi inayowezekana. Ukweli wake ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwenye daraja la kwanza au la pili lazima awe na masomo mawili yanayofikisha 4.0, hana namna ya kukosa. Mwenye daraja la tatu la pointi 16 au 17 hawezi kufikisha, herufi zake ziwe zimepangwaje. Wasiwasi wote uko kwenye pointi 13, 14 na 15, na hapo ndipo herufi moja moja inapoamua. Mwenye 15 anapita kwa njia mbili tu: awe na C na E, au awe na D mbili, na somo la tatu likiwa F. Mwenye D moja na E mbili ana pointi 14, nafuu kuliko kijana wa Msamvu kwa macho ya NECTA, na bado anaishia 3.0.

Mzazi anayesikia "three ya 14" akalinganisha na "three ya 15" ya jirani hana kosa kuamini kwamba wa kwake ndiye mwenye nafasi. Kila tangazo la matokeo alilowahi kusikia redioni limemfundisha kusoma hivyo.

Kozi ina masomo yake

Kufikisha 4.0 ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kujua hizo 4.0 zimetoka kwenye masomo gani.

Uhandisi unataka Hisabati ya Juu na Fizikia. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) aliyepata A tatu hawezi kusoma uhandisi wa majengo, kwa sababu hakufanya mtihani wa Hisabati ya Juu kabisa. Udaktari wa binadamu unataka prinsipo katika masomo yote matatu ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na pointi zake zinahesabiwa kwa matatu, si mawili. Aliyepata A ya Baiolojia, A ya Kemia na S ya Fizikia ana pointi 10 kwa masomo mawili, na mlango wa udaktari kwake umefungwa.

Upande wa biashara na uchumi kuna kigingi kingine, cha zamani zaidi. Kozi nyingi zinataka asiye na Hisabati ya Juu awe angalau na ufaulu wa BAM, ile hisabati ya msingi inayosomwa kama somo dogo, au awe alifaulu Hisabati ya kidato cha nne kwa kiwango kilichotajwa. Kijana aliyeikimbia Hisabati akiwa na miaka kumi na sita, akajifariji kwamba ameondokana nayo milele, anakutana nayo tena kwenye fomu ya shahada ya uhasibu. Hawezi kuirekebisha ndani ya wiki za dirisha la udahili.

Kwa hiyo uamuzi wa kozi haufanyiki Julai mwanafunzi anapokuwa na matokeo mkononi. Ulishafanyika pale alipochagua tahasusi baada ya kidato cha nne, na mara nyingi hata kabla, kidato cha pili, alipoamua kuliacha somo fulani kwa sababu shule haikuwa na mwalimu wake. Ningependa kila mkuu wa shule ya kata aibandike ukutani orodha fupi ya kozi na masomo yake, pale pale wanapobandika ratiba ya usafi.

Kima cha chini si kiti

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kwa waombaji wenye sifa za kidato cha sita, na kingine kwa wenye stashahada. Ndani yake kila chuo kimeorodheshwa na kozi zake, masomo yanayotakiwa, pointi za chini za kozi na idadi ya nafasi. Ni kitabu kizuri na kinapatikana bure mtandaoni. Shida yake ni namna kinavyosomwa.

Mtu anaona kozi ya sheria inataka 4.0 au zaidi kidogo, ana 6.0, anajihesabia kwamba ameshaingia. Hatazami safu ya mwisho. Kama nafasi ni mia mbili na waombaji ni maelfu, chuo kinaanza na mwenye 10 kinashuka. Wa mwisho kuingia anaweza kuwa na 8.0. Mwenye 6.0 ana sifa, ila hana nafasi, na hayo ni mambo mawili ambayo watoto wetu wanayachanganya kila msimu.

Kitabu hakimwambii mwombaji wa mwisho kuingia mwaka jana alikuwa na pointi ngapi. Wenzetu wa Kenya hapa wametutangulia. Kule shahada inaanzia wastani wa C+ kwenye KCSE, kisha wakala wa kupanga wanafunzi, KUCCPS, unahesabu pointi za kundi la masomo manne, juu kabisa 48. Mwanafunzi anapochagua kozi anaonyeshwa pointi za aliyeingia mwisho miaka iliyotangulia. Hazimhakikishii chochote, lakini anajua anapiga hodi kwenye nyumba ya aina gani. Sioni kwa nini vyuo vyetu visifanye hivyo. Takwimu wanazo, kwa sababu wao wenyewe ndio waliopanga majina.

> Kuwa na sifa ni jambo moja. Kupata nafasi ni jambo la pili.

Utaratibu wa kuomba nao umebadilika mara mbili ndani ya kizazi kimoja. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Mwaka 2017 mfumo huo uliachwa, na tangu hapo mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, TCU ikibaki kuhakiki sifa na kuidhinisha. Faida yake ni uhuru wa kuchagua. Gharama yake ni kwamba mwenye hela ya ada za maombi anatupa ndoano vyuo vitano, asiye nayo anatupa kimoja.

Wanaochaguliwa zaidi ya chuo kimoja wanatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri wanayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa. Hapa kuna watu wamepoteza nafasi walizozitolea jasho kwa sababu fomu ilijazwa kwa namba ya simu ya mhudumu wa steshenari. Ujumbe ulikwenda kwake, naye akiwa na wateja mia. Namba iwe ya mwombaji au ya mzazi, na laini iwe hewani.

Kizingiti kimewahi kusogezwa

Wapo wanaozungumza juu ya 4.0 kana kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Haikuwa hivyo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kufaulu kidato cha sita hakukutosha kumwingiza kijana chuo kikuu. Alitakiwa kwanza akafanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama tawala. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye na hatimaye ukaachwa.

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitaka jumla ya pointi 5 kwa kozi za sanaa na 2 tu kwa kozi za sayansi, kwa kipimo kile kile cha A kuwa 5. Sababu yake ilieleweka na kila mtu: waliosoma sayansi walikuwa wachache na taifa liliwahitaji.

Kisha kuna waliomaliza mwaka 2014 na 2015. Hao walipimwa kwa mpangilio mwingine uliokuwa na B+, na matokeo ya mwaka 2015 yakatoka kwa wastani wa GPA badala ya madaraja. C yao ilikuwa ya alama 40 hadi 49, na TCU inaihesabu kuwa pointi 2, si 3. Leo wengi wao ni askari, walimu au wahudumu wa benki wanaotaka kurudi shule. Wakijihesabia kwa jedwali la sasa wanajipa pointi ambazo hawana. Herufi ile ile, mwaka tofauti, thamani tofauti.

Mwaka 2016 suala la sifa liligeuka kuwa la kitaifa. Mwezi Mei, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Chanzo kilichotajwa kwanza ni mgomo wa wahadhiri. Mjadala ukahamia haraka kwenye swali la kama walistahili kuwapo chuo kikuu, na Rais John Magufuli akalisemea hadharani kwa maneno makali. Baadaye walichujwa, na wengi wa waliobaki na sifa wakapelekwa vyuo vya ualimu. Mtu anaweza kukubali kwamba programu ile ilianzishwa kwa pupa na bado akawahurumia vijana wale. Waliitwa na serikali, wakaenda, wakarudishwa na mabegi yao stendi.

Mvutano uko wapi

Upande mmoja wanasimama wahadhiri. Hoja yao ni ya darasani: ukishusha kizingiti, mwanafunzi mwenye E mbili anakaa na mwenye A mbili kwenye ukumbi mmoja wa watu mia tatu, mhadhiri hana muda wa kumfundisha misingi, na mwisho wa mwaka wa kwanza jina lake linabandikwa kwenye orodha ya walioondolewa. Ameshatumia mkopo wa Bodi ya Mikopo atakaodaiwa, na hana cheti. Kwao kizingiti ni huruma inayokuja mapema.

Upande wa pili wako walimu wa sekondari, hasa wa pembezoni. Wao wanauliza alama inapima nini. Mwanafunzi aliyesoma Fizikia bila mwalimu kwa mwaka mzima, maabara yake ikiwa ni kabati lililofungwa, akapata E, amejifundisha mwenyewe. Mwenzake wa shule ya binafsi ya mjini aliyekuwa na mwalimu wa zamu na mitihani ya majaribio kila mwezi akapata D. Kizingiti kinamwona wa pili ndiye mwenye uwezo.

Nimewasikiliza wote na siamini kwamba dawa ni kushusha 4.0. Kushusha kunampeleka kijana mbele ya mhadhiri yule yule bila kumpa misingi aliyoikosa. Lakini siamini pia kwamba tunaweza kuendelea kukitetea kizingiti tukiwa tumekificha. Watoto wa wasomi wanajua jedwali la TCU tangu kidato cha tano, kwa sababu kuna mjomba au shangazi aliyewaeleza. Wanajua kwamba mwenye D mbili na somo la tatu linalomshinda ni bora azishike hizo D kwa mikono miwili kuliko kugawa nguvu sawa apate E tatu. Binti wa Msamvu hakuambiwa. Alisoma masomo yake matatu kwa usawa, kama alivyofundishwa na kila mwalimu aliyewahi kumpenda.

Hilo linaniuma, kwa sababu marekebisho yake hayahitaji bajeti. NECTA wanachapisha herufi na divisheni. Mstari mmoja chini yake wenye pointi za udahili za masomo mawili bora ungemwonyesha mzazi alipo kabla hajatoa ada ya maombi. Na somo la jinsi ya kuhesabu lingekaa kwenye vipindi vya kidato cha tano, muhula wa kwanza, wakati mwanafunzi bado ana miaka miwili ya kulitumia.

Aliye chini ya 4.0

Kwake njia bado ziko, na zote ni halali.

Ya kwanza ni stashahada. Chuo kinachotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) kinampokea, na akihitimu kwa GPA isiyopungua 3.0, akiwa pia na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, anaomba shahada katika fani hiyo au inayokaribiana nayo. Anamaliza akiwa na ujuzi wa mikono ambao mwenzake wa kidato cha sita hana. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Kwa familia nyingi hilo limebadilisha hesabu yote.

Ya pili ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Anayeingia kwa matokeo ya kidato cha sita anahitaji angalau pointi 1.5 kutoka masomo mawili, na binti mwenye E mbili ana 2.0. Akimaliza kwa GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na kufikisha C katika matatu ya kundi lake, anaweza kuomba shahada chuo chochote kinachomkubali. Ni njia inayomhitaji mtu anayejisimamia, kwa kuwa sehemu kubwa anasoma peke yake.

Ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inamfaa aliyekosa kidogo na anayejua kwa nini alikosa. Aliyekosa kwa sababu hakuwa na mwalimu, na bado hana, atakuwa anarudia hali ile ile kwa gharama zake.

Kuna njia ya nne inayouzwa vijiweni na kwenye makundi ya simu: mtu "wa ndani" anayeahidi kupenyeza jina kwa malipo. TCU inahakiki kila jina kwa namba ya mtihani dhidi ya kumbukumbu za NECTA, na asiye na sifa anaondolewa hata kama ameshalipa ada na kuanza masomo. Hela iliyotolewa kwa mtu wa ndani hairudi.

Nilimwandikia mama wa Msamvu jina la programu ya Chuo Huria nyuma ya karatasi ya matokeo, pamoja na hesabu ya pointi mbili za binti yake. Aliuliza swali moja tu, kama ada yake inalipwa kwa awamu. Jibu lake lilikuwa kwenye ofisi za kituo cha chuo hicho hapo hapo mkoani, na ilikuwa bado saa nne asubuhi.